Dabi Iliyoahirishwa na Tumbo

Mwaka ule mawingu yalipita juu ya Bonde la Kitukutu bila hata kusimama kusalimia. Mto ukakauka, visima vikakauka, na machozi yenyewe yakawa ya kubania. Kilichobaki ni chemchemi moja tu, nayo ilikuwa ubavuni mwa uwanja wa raga.

Wanyama wa bonde lile walikuwa pande mbili, watani wa jadi. Upande wa Mtoni walikuwa wakubwa wenye shingo nene: Nyati nahodha wao, Kiboko, Ngiri na jamaa zao. Upande wa Kilimani walikuwa wadogo wenye maneno mengi: Sungura nahodha wao, Swala, Tumbili, Nungunungu na ukoo mzima wa watu wa vichakani. Uwanja ulikuwa mmoja na waliutumia wote, kila upande ukiapa kwamba ni wake na wale wengine ni wapangaji tu.

Ukame ulipokuja, hawakugombania maji kwa meno. Waligombania kwa mpira, kama babu zao. Aliyeshinda dabi alikunywa asubuhi, maji yakiwa yametulia na yanang'aa. Aliyeshindwa alikunywa jioni, Kiboko na wajomba zake wakiwa wameshaoga humo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka dabi nyingine ichezwe.

Dabi ya mwisho Kilimani walishindwa, na Sungura hakuwa amelala vizuri tangu siku hiyo. Watoto wake walikunywa tope na kulala huku matumbo yananguruma. Kitindamimba wake, Kisase, hakuwahi kuona maji ya rangi nyingine. Alidhani maji ni ya kahawia kama maziwa yalivyo meupe, na alipoambiwa kuwa yako maji unayoweza kuona mpaka chini, alicheka akasema baba anatunga hadithi. Jambo hilo lilimuuma Sungura kuliko kushindwa kwenyewe.

"Safari hii tunashinda," alimwambia mkewe. "Tuna Nungunungu."

"Mara ya mwisho alikuwa wapi?"

"Alikuwa na mafua."

Raga ni mchezo mwepesi kuueleza na mgumu kuuguza majeraha yake. Watu kumi na watatu kwa kumi na watatu, mpira una umbo la yai la mbuni, unaubeba na kukimbia nao mpaka nyuma ya milingoti ya wenzako, na hiyo inaitwa trai. Wao wanakuzuia kwa kukukumbatia na kukuangusha. Ukiangushwa mara sita, mpira unauacha, ni zamu yao. Sasa, nani atamkumbatia Nungunungu? Hata mkewe humkumbatia kwa hesabu. Basi Sungura alikuwa na haki ya kutabasamu, na alichokuwa akingoja ni siku ya dabi tu.

Siku ya dabi ilikuwa na mila zake. Kwa kuwa uwanja ulikuwa wa wote, uenyeji ulikwenda kwa zamu: tarehe hii wenyeji ni Mtoni, tarehe ijayo ni Kilimani. Mwenyeji aliinjika chungu kikubwa cha makande nyuma ya milingoti yake tangu alfajiri, ili watani wakishamaliza kuumizana wale pamoja. Mfalme Simba aliletewa chakula chake kando, na mtu mwenye adabu hakuuliza ni nini.

Na chungu hicho kikishainjikwa uwanjani hakikurudi nyumbani, kwa sababu anayekirudisha anairudisha mvua. Wala hakikuliwa na mtu ambaye hajatoka jasho la mchezo. Ikitokea dabi imeahirishwa, chakula kilizikwa palepale nyuma ya milingoti, ili ardhi nayo ipate chake. Mzikaji alikuwa mtunza uwanja peke yake, na watu wote walikipa chungu mgongo mpaka amalize, kwani kuyatazama mazishi ya chakula ni mkosi. Wazee waliotunga mila hiyo walikuwa na busara nyingi, ila walisahau kitu kimoja. Hawakufikiri kwamba ipo siku mtunza uwanja atakuwa Fisi.

Fisi alipataje kazi hiyo? Alicheka. Simba alikuwa akipenda kutoa vichekesho, na vichekesho vya Simba vilikuwa vibovu, lakini Fisi alivicheka vyote mpaka akashika mbavu. Siku moja Simba akamvika koti la mtunza uwanja, koti refu la kijivu lenye vifungo vya mifupa, akamwambia, "Wewe ndiye unayenielewa." Tangu siku hiyo Fisi ndiye aliyefyeka majani, aliyesimamisha milingoti, aliyetunza mpira na aliyekuja na habari za tarehe.

Dabi ya kwanza iliahirishwa kwa haki. Mtoni walikuwa wenyeji, chungu kilikuwa kinachemka, wachezaji wako uwanjani wakinyoosha viungo, mara kundi la nyuki likatua kwenye mlingoti. Hakuna aliyekuwa tayari kufunga trai hapo. Simba akatangaza tarehe nyingine, watu wakakipa chungu mgongo, na Fisi akabaki peke yake na makande.

Alichota upawa mmoja, aonje tu kama yameiva. Yalikuwa yameiva. Akachota wa pili kuhakikisha. "Hayana hata mfupa," alinung'unika, na aliendelea kunung'unika hivyo mpaka akafika chini ya chungu. Hivyo alizika kweli, tusimwonee. Ila kaburi lilikuwa tumboni mwake.

Kuanzia hapo Fisi akaipenda sana dabi, hasa ile isiyochezwa.

Tarehe ya pili ilipokaribia, Kilimani wakiwa wenyeji, Fisi alikwenda kwa Simba akiwa ameinamisha kichwa kwa huzuni.

"Mfalme wangu, nimekuwa nikipima jua. Saa ile ya mchezo jua litakuwa nyuma ya kilima. Manyoya yako ya shingoni yatakuwa kivulini."

Simba akaacha kujilamba. "Kivulini?"

"Kabisa. Jua lote litampiga Nyati mgongoni. Watu watasema, loo, tazameni Nyati anavyong'aa leo!"

"Ahirisha," akasema Simba.

Ikaahirishwa, chungu kikiwa tayari kinachemka, maana Fisi alihakikisha habari hazifiki mapema. Makande ya Kilimani yalikuwa na nazi. Fisi aliyazika kwa heshima zote, akalamba na upawa.

Tarehe ya tatu ikawa kali kuliko zote. Saa ya mchezo Fisi alionekana katikati ya uwanja amelala kifudifudi, sikio ardhini, uso umejaa wasiwasi wa mganga.

"Kuna nini?" akauliza Nyati.

"Uwanja unaumwa," akasema Fisi kwa sauti ya chini. "Una homa. Shikeni wenyewe."

Nyati akaweka kwato chini. Ilikuwa adhuhuri ya kiangazi na uwanja ulikuwa unaunguza kama kikaango. "Mama yangu, kweli una moto!" Ngiri akashika. Kiboko akashika. Tumbili akashika, akaruka juu huku anapuliza vidole. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakakubaliana kwamba uwanja una homa na haifai kumkanyaga mgonjwa. Kuna waliousogelea kuuambia pole. Dabi ikaahirishwa, chungu kikapewa mgongo.

Sungura pia alikipa mgongo, maana mila ni mila. Lakini siku hiyo, alipokuwa anaondoka, alimtazama Fisi kwa mara ya kwanza bila kufikiria mchezo. Bonde zima lilikuwa limekonda. Mbavu za Swala ungeweza kuzipiga zikatoa muziki. Kiboko mwenyewe ngozi ilikuwa imemlegea, akitembea kama mtu aliyeazima suruali ya kaka yake. Fisi peke yake ndiye aliyekuwa mviringo. Koti la mtunza uwanja lilikuwa limembana mpaka vifungo vinaomba msaada.

"Mzee Fisi," akamwita, "naona ukame umekukubali."

"Ni hewa tu, ndugu yangu," akajibu Fisi akijipapasa. "Ni huzuni. Mimi nikihuzunika huwa navimba."

Fisi alipokwisha kwenda zake, Sungura akaenda nyuma ya milingoti, mahali ambapo vyungu vilitakiwa kuwa vimezikwa. Akachimba kwa kucha. Ardhi ilikuwa ngumu kama mwamba, haijaguswa na jembe tangu alipozaliwa. Akachimba upande wa pili, ikawa vilevile. Akakaa chini, masikio yakamsimama yenyewe, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaanguka chali miguu juu. Kisha akakumbuka tope wanalokunywa wanawe kwa ajili ya tumbo lile, na kicheko kikamkauka, akabaki na hasira.

Kumshitaki Fisi kwa Simba haikuwezekana. Simba ndiye aliyeiahirisha dabi kwa ajili ya manyoya yake, na kumwambia mfalme kuwa amefanywa mjinga ni kutafuta kuwa chakula cha kando. Ilibidi mfalme aone kwa macho yake. Lakini mila ilisema macho yageuzwe. Sungura akaikuna hiyo mila usiku na mchana, akaipindua juu chini, mpaka akauona upenyo.

Akaenda kwa Nyati. Kwenda kwa mtani kuomba msaada ni jambo zito, na Nyati hakulirahisisha.

"Karibu, mnywa tope," alisema Nyati.

"Starehe, kichwa mbao."

Wakamaliza salamu. Sungura akamweleza yote: ardhi ngumu, mbavu za Fisi zilizopotea kwa unene, homa ya uwanja. Sungura alipofika kwenye homa, Nyati aliona haya, akatazama pembeni.

"Hata hivyo," akasema, "mimi kila dabi ikiahirishwa naendelea kunywa maji safi. Nikusaidie kwa lipi?"

"Unakunywa safi, ndiyo. Unakula nini?"

Nyati akatupa jicho ghalani. Ghala la Mtoni lilikuwa limebaki na kapu moja la mahindi na kunde za kuhesabika. Vyungu viwili tayari vilikuwa vimekwenda huko kulikokwenda.

"Siombi uniachie ushindi," akasema Sungura. "Naomba tucheze. Ukinishinda nitakunywa tope bila kulalamika, na wewe utanitania mpaka uchoke."

"Hilo la kukutania nalipenda," akasema Nyati. "Haya, sema unatakaje."

Kesho yake manahodha wote wawili walikwenda kwa Simba, na Fisi alikuwapo, akicheka kichekesho ambacho Simba hakuwa amekimaliza.

"Mfalme," akasema Sungura, "tunadaiana uenyeji. Mtoni wanadai zamu yao, na sisi tunadai yetu. Tunaomba dabi zote mbili zichezwe siku moja. Mchana moja, jioni moja. Vyungu viwili, kimoja kila upande wa uwanja. Nawe utakaa katikati, kwenye kichuguu, jua likupige kutoka kila pembe."

"Kila pembe?" akauliza Simba.

"Mpaka watu wazibe macho."

Fisi yeye alikuwa amesikia maneno mawili tu: vyungu viwili. Mate yalimtoka, akayameza kwa kelele. Nyati naye akakohoa, akasema neno alilofundishwa.

"Ila, mfalme, iwe amri. Kama bahati mbaya dabi zikiahirishwa, chungu kikiepuliwa huku mtunza uwanja hayupo kando yake, wenyeji wakizike wenyewe. Tusiache chakula kipoe juu ya ardhi na balaa hili lote."

"Na iwe," akasema Simba.

Fisi alipiga hesabu zake. Uwanja ni mrefu, lakini miguu anayo. Na sababu za kuahirisha hazijawahi kumpiga chenga. Akacheka kwa furaha hasa, na Simba akadhani ni kile kichekesho.

Siku ikafika. Mtoni wakainjika chungu chao upande wa mashariki kwa kapu lao la mwisho. Kilimani wakainjika chao magharibi, na Mama Kanga, mpishi wao, alikuna nazi ya mwisho mpaka kwenye kifuu. Moshi ukapanda pande zote mbili. Watu walikuja kutoka kila kichaka, wakaimba, wakatukanana kwa upendo. Simba alikaa juu ya kichuguu aking'aa kama sufuria jipya. Katikati ya uwanja, juu ya mstari, alikaa mwamuzi Kobe na filimbi yake. Kobe hakuwa mtu wa kukimbia na mpira. Alisema mpira ukiwa na shida utamkuta hapo hapo.

Sungura alitazama moshi wa mashariki, akatazama na wa magharibi. Ghala zote zilikuwa ndani ya vyungu vile viwili. Mpango ukiharibika, wanawe wasingekunywa tope tu, wangelinywa kwa njaa.

"Leteni mpira," akasema Kobe.

Fisi akatokea mbio, mikono kichwani, anapiga yowe la msiba. "Jamani, mpira! Mpira umepotea! Nimeuweka ghalani jana, leo haupo! Wezi! Dunia imeharibika!"

Watu wakapekua majani, wakapekua vikapu, wakampekua Tumbili mara mbili kwa sababu ya sifa zake. Hakuna aliyempekua Fisi. Mpira ulikuwa ndani ya koti lake, umelala juu ya tumbo, na kwa vile tumbo lenyewe tayari lilikuwa na umbo la mpira, nani angeona tofauti?

"Mfalme," akalia Fisi, "bila mpira hakuna raga. Tuahirishe zote mbili, kwa uchungu mkubwa."

Simba akaunguruma kwa hasira, maana jua ndiyo kwanza lilikuwa limekaa sawa. "Ziahirishwe. Vyungu vizikwe. Migongo!"

Sasa, wewe msikilizaji, hebu simama katikati ya uwanja huo. Chungu kimoja mashariki, kingine magharibi. Kipe mgongo kimoja. Unatazama wapi?

Mtoni wakakipa mgongo chungu chao cha mashariki, kwa adabu zote, wakajikuta wanatazama magharibi. Kilimani wakakipa mgongo chao cha magharibi, wakajikuta wanatazama mashariki. Simba, aliyekuwa hajui ageukie wapi, akageukia magharibi kwa sababu jua lilimpendeza zaidi upande huo. Mila haikuvunjwa hata kidogo. Sungura aling'ata mdomo asicheke.

Fisi hakuwa na habari. Katika dabi zote tatu zilizoahirishwa, neno "migongo" lilikuwa na maana ya kwamba hakuna macho. Alikimbilia chungu cha magharibi, chenye nazi, akatumbukiza kichwa mpaka mabegani.

Simba akakunja uso. "Nyati," akanong'ona, "anazika kwa mdomo?"

"Naona hivyo, mfalme. Labda ni mtindo mpya."

Kabla Fisi hajafika hata nusu, sauti ya mpishi wa Mtoni ikasikika kutoka mashariki. "Kinaepuliwa huku! Mzikaji yuko wapi?"

Fisi akachomoa kichwa, uso mzima ni tui la nazi. Akatimua mbio mashariki. Alipofika karibu na mstari wa katikati, Mama Kanga akapaza sauti nyuma yake. "Na huku tunakifunika! Mzikaji kaondoka, basi tunazika wenyewe!"

Fisi akasimama. Akatazama mashariki, harufu ya kunde ikamvuta pua. Akatazama magharibi, harufu ya nazi ikamvuta moyo. Mguu wa mbele ukaenda huku, wa nyuma ukaenda kule. Akajinyoosha, akajipinda, akazunguka mara mbili kama mbwa anayetafuta mkia. Koti, ambalo tangu asubuhi lilikuwa limebeba tumbo na mpira, na sasa makande juu yake, likasema basi. Kifungo cha kwanza kikaruka, kikampiga Ngiri sikioni. Cha pili kikaruka. Cha tatu kikaenda na mpira, ukachomoka hewani, mzuri, wa mviringo mrefu, na kila mtu akauona.

Fisi angeuacha tu uanguke, huenda angebaki na la kusema. Lakini Fisi hajawahi kuachia kitu maishani mwake. Akauruka na kuudaka kwa mikono yote miwili, akaubana kifuani, akitua ng'ambo ya pili ya mstari wa katikati, pua kwa pua na Kobe.

Kobe akautazama mpira. Akamtazama Fisi. Akatia filimbi mdomoni bila haraka.

"Mpira umepatikana," akasema. "Mchezo umeanza." Na akapuliza.

Ewe! Wale waliokuwa wamevipa vyungu mgongo wakageuka wote kwa pamoja. Fisi akakimbia mashariki, kwenye kunde. Swala akamrukia kiunoni, puu, chini. "Moja!" akaita Kobe. Fisi akainuka, mpira bado anao, akageuka magharibi, kwenye nazi. Ngiri akamchota miguu. "Mbili!"

"Uachie mpira, mzee!" akapiga kelele Sungura.

"Ni wangu!" akalia Fisi, asijue hata anasema nini, akakimbia mashariki tena. Tumbili akamdandia mgongoni na kumvuta masikio, akisema hii ni ya kunipekua mara mbili. "Tatu!" Akainuka. Akageuka. Watoto wa bonde zima walikuwa wamejipanga pembeni wakiimba, "Kunde! Nazi! Kunde! Nazi!" na kila neno likimgeuza upande. Swala tena. "Nne!" Simba juu ya kichuguu alikuwa amesahau manyoya yake, anapigapiga mapaja na kucheka, na kwa mara ya kwanza Fisi hakuwepo kumsaidia kucheka.

Mara ya tano Fisi aliona njia nyeupe mbele yake, hakuna mtu, akaenda kwa nguvu zake zote, na aliyekuwa amesimama mwisho wa njia hiyo nyeupe ni Nungunungu, mikono amemfungulia kwa upendo. "Tano!" akaita Kobe baada ya yowe kuisha.

Mara ya sita ilikuwa zamu ya Nyati. Nyati alichukua nafasi ya kutosha, akainamisha kichwa, akakumbuka homa ya uwanja, akaja. Fisi alipaa. Watu wanasema alionekana toka ng'ambo ya kilima. Huko juu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mikono ya Fisi ikaachia kitu.

"Sita!" akaita Kobe, na mpira ukaangukia kwenye mikono ya Sungura.

Sungura hakusubiri kuulizwa. Masikio nyuma, miguu haigusi chini, akapita chini ya tumbo la Kiboko, akapita katikati ya pembe za Nyati aliyekuwa bado anazunguka, akauweka mpira nyuma ya milingoti. Trai ya kwanza ya dabi ilikuwa imepatikana.

Baada ya hapo ilichezwa dabi hasa, ya haki, ya vumbi na magoti kuchubuka, na hakuna aliyeahirisha kitu. Simba akaamuru kwamba moja tu inatosha, iamue maji. Mtoni wakasawazisha, Ngiri akiingia na watu wanne mgongoni. Kilimani wakapata nyingine, Nyati akairudisha kwa kichwa chake cha mbao. Jua likiwa linagusa kilima, Sungura akampa mpira Nungunungu. Nungunungu akatembea. Hakukimbia, alitembea, kama mtu anayekwenda kumjulia hali shangazi, na wachezaji wote wa Mtoni wakampisha wakimwambia pita, ndugu, pita. Kobe akapuliza filimbi ya mwisho.

Walikula pamoja, vyungu vyote viwili, kwa sababu wote walikuwa wametoka jasho. Nyati alimpa Sungura mkono na kumwambia umeshinda kwa miiba, na Sungura akamwambia nawe umeshindwa kwa shingo. Simba akatangaza kwamba alijua kila kitu tangu mwanzo, na watu wakasema ndiyo, mfalme, tuliona. Fisi alivuliwa koti. Alikuwa ametoka jasho kuliko wote, akakumbusha hilo kwa sauti ndogo, lakini aliambiwa kuna mashimo matatu ya vyungu yanamdai, akapewa jembe.

Asubuhi yake, jua halijachomoza vizuri, Sungura aliwapeleka wanawe chemchemini. Maji yalikuwa yametulia. Kisase akainama anywe, mara akaruka nyuma na kujificha miguuni mwa baba yake.

"Baba, kuna mtoto humo ndani!"

"Mtazame vizuri."

Kisase akachungulia tena. Yule wa majini naye akachungulia. Akatikisa sikio, naye akatikisa. Akacheka, naye akacheka, na nyuma ya kichwa chake ulionekana uso wa Sungura, macho yamemjaa maji. Sungura hakuwa na aibu kulia siku hiyo, kwani maji sasa yalikuwepo.

Kutoka nyuma ya milingoti ilisikika sauti ya jembe likigonga ardhi ngumu. Fisi alikuwa akichimba shimo lake la kwanza, na kila alipochoka aliinua pua kunusa, mara mashariki, mara magharibi, kote hakuna kitu. Kiboko, aliyekuwa akingoja zamu yake ya jioni, alimtazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema lile neno ambalo watu wa Kitukutu wanalisema mpaka leo mtu akitaka kula huku na kule: njia mbili zilimshinda fisi.